Pembe Nne za Shuka

Uchovu una namna zake. Kuna uchovu wa mwili, ambao ukioga maji ya moto na kulala unaondoka kama mgeni mwenye adabu. Na kuna ule mwingine, unaohamia kwako na virago vyake vyote, ukapanga vyombo, ukakaa. Huo wa pili ndio aliokuwa nao Kinanda asubuhi ile ya Jumamosi alipofungua mdomo aanze wimbo, na wimbo usitoke.

Alijaribu tena. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti.

"Makubwa!" alisema Mama Pacha, mwenzake wa kukunja naye mashuka. "Kinanda kimekatika nyuzi."

Walikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kule nyuma, ambako madirisha hayakauki jasho kwa mvuke. Mashine zilifua na mashine zilikausha, lakini kukunja kulikuwa kwa mikono ya wanawake, wawili wawili. Huyu anashika pembe mbili, yule pembe mbili. Wanavuta, wanalikung'uta shuka mara moja, paa! makunyanzi yanatoka. Kisha wanasogeleana, pembe zinakutana, mmoja anaachia na mwenzake anapokea. Basi, shuka lingine. Mpaka saa ya kutoka.

Kazi hiyo haiendi bila wimbo. Si kwa raha, msifikiri hivyo. Bila wimbo huyu huvuta mapema, yule huchelewa, shuka linachopoka na kuanguka sakafuni, na likianguka linarudi kufuliwa. Wimbo ndio uliowaambia wote wavute lini na waachie lini. Na aliyeuongoza, tangu alipoajiriwa akiwa msichana mwembamba, ni huyu waliyembandika jina la Kinanda. Aliurithi kwa mama yake, aliyekuwa msimamizi wa chumba hichohicho hadi alipostaafu.

*Shika pembe, nami nashika,*
*njoo kati, tutakutana;*
*kazi ndefu, siku yapita,*
*njoo kati, tutakutana.*

Leo Mama Pacha aliuanzisha yeye. Aliuanza kwa kasi ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Upande wa dirishani mashuka yakaanza kuanguka, na kicheko kikaanguka nayo.

"Mama Pacha, tunakunja au tunafukuzwa?"

"Nyamazeni! Nyie mna sauti gani? Wewe ukiimba hata mtoto wako anajifanya amelala."

Kinanda alicheka bila sauti, mabega tu. Macho yalikuwa mazito. Usiku mama yake hakulala, kwa hiyo naye hakulala. Ulikuwa hivyo usiku wa jana yake pia, na wa juzi.

Ndipo Fundi alipoingia, spana mfukoni, kitambaa begani. Huyu ndiye aliyekuwa akitunza mashine na lile tangi kubwa la maji ya moto chumba cha pili. Mtu mzima, mpole wa maneno, mwenye kovu la mvuke kwenye kiwiko. Wanawake walimtania mpaka wakachoka wenyewe, kwa maana alikuwa hajibu, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu anayeweka akiba.

"Mbona leo kimya?" aliuliza.

"Sauti imemkauka mchumba wako," alisema Mama Pacha. "Au si mchumba? Tuambieni tujue kama tununue vitambaa."

Kinanda aliinamia shuka. Fundi akasogea, akaliokota lililoanguka, akasema polepole ili asikie yeye peke yake:

"Nilikuwa kule ndani, nikadhani mashine imezimika. Kumbe ni wewe."

Alimtazama. Na Kinanda akamtazama, japo alikuwa amejiapia asubuhi kwamba leo hatamtazama. Macho yale hayakumdai kitu. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Angekuwa mkali, kumkataa kungekuwa rahisi.

Maana siku yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo. Wakati wa mvua Fundi alimwambia kwamba amepata kazi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na kwamba hataki kwenda peke yake. "Twende sote," alisema. "Wewe na mama. Nyumba nimeiona, ina dirisha kubwa, mama atakaa hapo." Kinanda akamwambia aende kwa kaka yake, kama inavyopasa. Na kaka yake akasema: asilani. Mama hahamishwi na mtu baki. Basi yeye na kaka wakapatana kwamba leo alasiri Fundi aje nyumbani, na Kinanda mwenyewe, kwa mdomo wake, amwambie hapana, ili isionekane ni ndugu waliomkatalia.

"Fundi," Mama Pacha aliita, "wewe mbona huimbi hata siku moja? Kila siku uko ukutani hapo unasikiliza kama mpangaji mbea."

"Sauti yangu ya mashine."

"Hata mashine inaimba."

"Mimi najiuliza," alisema Fundi, na wote wakamgeukia, maana hakuwa mtu wa kujiuliza mbele za watu. "Mtu amechoka, hana nguvu hata ya kuongea. Lakini ya kuimba anayo. Anaitoa wapi?"

"Sisi tunaimba kwa sababu kulia kazini ni marufuku," alisema Mama Pacha, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko.

Kinanda peke yake hakucheka. Alimsogelea Fundi apokee lile shuka lililookotwa, na kwa mkwaruzo wake akasema:

"Ukiongea, unaongea peke yako. Ukiimba, hata kama uko peke yako, ni kama kuna mtu ameshika upande wa pili."

Mara akajutia, maana yale hayakuwa maneno ya mwanamke anayekwenda kumkataa mtu alasiri.

*

Nyumbani mama yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Mama huyu zamani akipita korido watu walizima redio. Sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, kama sukari kwenye mfuko uliotoboka. Wanawe hakuwajua tena. Kinanda alimwita "dada". "Ahsante dada," angesema akinyweshwa uji. "Una mikono mizuri. Mama yako yuko hai?" Na Kinanda angejibu, "Yuko hai," akageuka kuweka bakuli.

Na kulikuwa na hili la mikono. Tangu mwanzo wa mwaka mama alikuwa akinyoosha mikono mbele, vidole vikibana hewa, kisha anavuta. Anavuta, anangoja, hakuna kitu. Analia. Wifi alisema anakamata nzi. Kaka alisema ni mishipa. Walimpa mwanasesere ashike, akamwachia. Wakampa kijiko, akakiachia. Kilichomtuliza ni Kinanda kumwimbia ule wimbo wake mwenyewe, taratibu, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Na hata hivyo hakutulia sawasawa. Alikuwa kama mtu anayesikiliza hodi na mlango haufunguliwi.

Pembeni ya kiti palikuwa na kapu la mashuka ya mama, yaliyoanuliwa, hayajakunjwa. Hayakukunjwa kamwe katika nyumba ile. Mtu anayekunja mashuka ya wagonjwa kutwa nzima hataki kuona lingine jioni. Kinanda aliyaviringa tu na kuyasokomeza kabatini, hata wifi aseme nini.

Alasiri Fundi alifika. Shati limepigwa pasi mpaka limesimama lenyewe. Mlango ulilia alipousukuma, naye akasimama pale pale, akatoa kichupa cha mafuta mfukoni, akazitia mafuta bawaba, akaufungua na kuufunga. Kimya. Ndipo akasalimia.

"Shikamoo mama. Habari za hapa, shemeji."

"Shemeji nani?" alisema kaka, mtu mnene mwenye duka la vipuri, mwenye huruma nyingi na subira kidogo. "Kaa kwanza. Ushemeji hauletwi na mafuta ya mlango."

"Sawa, kaka."

"Na kaka pia ngoja."

Wifi alificha kicheko kwenye upande wa kanga. Akaleta chai. Wakanywa.

Kaka akaweka kikombe chini.

"Fundi, sisi hatukudharau. Kazi unayo, adabu unayo. Lakini tazama." Akaonyesha kwa kidevu kule dirishani. "Huyo ndiye mama yetu. Hapa anajua choo kiko wapi, anajua dirisha liko wapi. Huko unakotaka kumpeleka ataamka amwone nani?"

"Atamwona binti yake."

"Binti yake hamjui."

Neno hilo lilikuwa kweli na wote walilijua, lakini lilikuwa halijasemwa hivi, mchana, mbele ya vikombe. Kinanda aliinamia mikono yake. Ilikuwa imekauka kwa sabuni, ngozi imepasuka kwenye viungo.

"Na hapa?" Fundi aliuliza kwa upole. "Hapa usiku anaamka nani?"

Kaka alikohoa. Wifi akatazama chai.

"Mimi nina duka," kaka alisema. "Huyu ana watoto. Kinanda hana... Kinanda yeye ameshazoea."

"Nimemwona leo," alisema Fundi. "Amesinzia amesimama, na shuka mkononi. Mtu hazoei hivyo, kaka. Anamalizika tu polepole, ninyi mkadhani amezoea."

"Usinifundishe mdogo wangu!" Sauti ya kaka ilipanda. Halafu ikashuka, maana hakuwa mtu mbaya. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo unauona mwepesi. Kesho mama akilia mfululizo, wewe ni wa kwanza kushika mlango, tena mlango wenyewe hautalia, umeutia mafuta. Hapana. Mdogo wangu ana neno la kukuambia. Sema, mdogo wangu. Sema lile tulilosema."

Kinanda aliinua uso. Fundi alikuwa amemwelekea, na kovu lake la kiwiko limekaa juu ya goti, na mikono ile mikubwa imefungana, inangoja. Akafungua mdomo. Pumzi tu.

"Sauti hana tangu asubuhi," Fundi alimsaidia. Hata hapo alimsaidia.

"Basi tikisa kichwa," alisema kaka. "Ndiyo au hapana. Tumalize, watu wapumzike."

Watu wapumzike. Kinanda alilisikia neno lile likimpita kama gari la watu wengine. Alifikiri: nikitikisa kichwa, kesho ni kama jana. Nisipotikisa, kaka atanuna, na mama je, mama akipotea kwenye nyumba ngeni? Hakuwa na nguvu ya kuchagua. Mtu aliyechoka huenda upande ulioteremka, na upande ulioteremka ulikuwa hapana. Shingo ikaanza kugeuka.

Ndipo mama akalia.

Alilia kwa nguvu, mikono mbele, vidole vikibana, akivuta, akivuta. Kikombe chake kikaanguka. Wifi akakimbilia kitambaa, kaka akapiga magoti: "Mama, mama, ni nini?" Mama akamsukuma. "Linaanguka!" alilia. "Mtaliangusha! Mtaliangusha!"

"Mwimbie!" kaka alimgeukia Kinanda. "Mwimbie basi!"

Kinanda alipiga magoti, akamshika mama mashavu, akafungua mdomo, na koo likatoa ule mkwaruzo wa kiti. Mama hakuusikia. Akajaribu tena. Machozi yalimtoka yeye sasa, si ya huzuni hata, ya kuchoka tu, kama maji yanavyotoka kwenye shuka lisilokamuliwa.

Na nyuma yake mtu akaimba.

Aliimba vibaya. Nyie, aliimba vibaya! Sauti nzito, isiyojua kupanda wala kushuka, inayokwenda kama mtu anayesukuma kabati. Lakini alikuwa amejifunza wimbo ule ukutani, upande wa pili wa chumba cha kukunjia, na ukutani pale kinachosikika kuliko sauti za wanawake ni mlio wa mashuka yenyewe. Kwa hiyo Fundi aliuimba na mlio wake. Hakujua kama unaweza kuimbwa bila huo.

*"Shika pembe, nami nashika..."* akajipiga paja, paa! *"Njoo kati, tutakutana..."* Paa!

Mama alinyamaza.

Mikono yake ilibaki hewani. Kichwa kikainama upande, kama mtu anayeitwa kutoka mbali kwa jina lake halisi. Fundi, kwa hofu, akaacha.

"Endelea, mwanamume!" kaka alimnong'oneza kwa ukali.

Akaendelea. Paa! Na mama, kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaisikia muda mrefu, sauti ya msimamizi, akasema:

"Sasa pembe zangu ziko wapi?"

Wakatazamana. Kinanda ndiye aliyeelewa, na kuelewa kulimpiga kifuani. Nzi gani? Mishipa gani? Miezi yote ile mama alikuwa kazini. Alinyoosha mikono apokee shuka, na wao wakampa mwanasesere. Na yeye, mkunja mashuka, binti wa mkunja mashuka, alimwimbia wimbo wa kazi bila kazi yake, ule mlio wa paa akauacha hospitalini kwa sababu alikuwa hataki kuusikia nyumbani.

Akanyoosha mkono kwenye kapu, akavuta shuka, akatafuta pembe mbili, akaziweka kwenye vidole vya mama. Vidole vikabana. Hakukuwa na haja ya kuvifundisha. Pembe nyingine mbili akampa Fundi.

"Vuta," mama alimwambia Fundi akiinuka kitini. "Usilegee, kijana. Shuka haliogopwi."

Fundi akavuta. Wakalikung'uta, paa! na vumbi likaruka kwenye mwanga wa dirisha. Fundi alikosea, akaja kwa mkono wa kushoto.

"Kulia!" mama alifoka. "Nani kakuajiri wewe?"

"Samahani, mama."

"Na sauti hiyo! Unaimba kama jogoo mwenye mafua."

"Kama mlango kabla hujautia mafuta," alisema kaka. Alikuwa bado amepiga magoti sakafuni, na alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha chai. Wifi alikuwa anacheka na kulia vyote pamoja. Kinanda alijikokota hadi kwenye kiti kirefu cha ukutani, akakaa.

Shuka la kwanza likaisha. La pili. Mama alikunja pembe kwa pembe, ukingo kwa ukingo, akipitisha kiganja juu yake kama mtu anayempapasa mtoto mgongo. Kila mwisho wa shuka alifika mbele ya Fundi, akamtia pembe zake mkononi, akaachia. Mtu huyu aliyekuwa akivuta hewa tupu na kulia.

Kaka aliinuka taratibu, akasogea karibu na Fundi alipokuwa akiliweka lililokunjwa mezani.

"Alikuwa na neno la kukuambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nalijua. Nimeliona usoni mwake tangu asubuhi."

"Na bado ukaja?"

"Lilikuwa zito, kaka. Nisingemwacha alibebe peke yake, hata kama neno lenyewe ni la kunikataa mimi."

Kaka akamgeukia dada yake. Hakumwambia atikise kichwa safari hii.

"Mdogo wangu. Lile neno la kukataa, ulisema wewe au nilisema mimi?"

Kinanda alimtazama Fundi. Alimwona amesimama na shuka la mama yake kifuani, jasho shingoni, shati lile lililopigwa pasi limekwisha kazi. Akayakusanya yale makombo ya sauti yaliyobaki.

"Ulisema wewe," alikwaruza. "Mimi nilikuwa nimechoka. Silisemi tena."

Fundi hakuruka wala hakushukuru. Aligeuza uso tu kuelekea dirishani, na ile akiba ya tabasamu lake, yote, pande zote mbili za mdomo, ikatoka mara moja.

"Vijana, kazi!" mama aliita. "Kapu halijaisha."

Wimbo ukaanza tena, mbaya vilevile. Mama aliuitikia safari hii, kwa sauti nyembamba yenye mapengo, na Fundi akaushika upande wa pili. Kinanda aliegemeza kichwa ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima aliusikia amekaa, ukiimbwa na watu wengine, na yeye hakudaiwa kuuanza wala kuumaliza. Paa! ilikuja, ikaenda. Paa! ikawa mbali. Aliona midomo yake mwenyewe inaitikia bila sauti, njoo kati, kisha ikaacha.

Katika ule usingizi wa juujuu alisikia kitu kikishuka juu yake, chepesi, safi, kinanukia sabuni na jua. Kikavutwa hadi begani. Kiganja kikapita juu yake mara moja kutoa makunyanzi.

"Sasa huko kwenu," sauti ya kaka ilikuwa inasema, "mnahamia lini? Maana mimi lazima nije kwanza niione hiyo nyumba. Hilo dirisha nilione kwa macho yangu. Halafu..."

"Shh!"

Ilikuwa sauti ya msimamizi, ile iliyokuwa ikizima redio za korido nzima.

"Punguzeni sauti," alisema mama. "Hamuoni mwanangu amelala?"